Swali Kwanza, Skrini Baadaye



Leo tunaingia darasani, hapa Mombasa. Nataka tuzungumze juu ya vifaa vya kidijitali: vishikwambi, kompyuta, projekta, hata simu ya mwalimu. Wapo wazazi wanaovitaka sana wakiona shule isiyo navyo imeachwa nyuma. Wapo wanaoviogopa, wakisema mtoto tayari ameharibika na simu nyumbani. Mimi nina swali moja tu, na nitalirudia mpaka ulizoee. Kifaa kikiwashwa darasani, mtoto anafanya nini? Anatazama tu? Ananakili? Ama anaulizwa, anafikiri, anajibu, anakosea, anajaribu tena?

Shikilia swali hilo. Kifaa kikiwashwa, mtoto anafanya nini?

Nianze na chombo hiki hiki unachonisikilizia. Tukisikia habari ya teknolojia ya kumshirikisha mwanafunzi, wengi wetu tunaona mbele ya macho skrini kubwa ya kugusa katika shule ya ada kubwa. Lakini redio ilikuwa inawashirikisha watoto wa Kenya kabla vishikwambi havijabuniwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Taasisi ya Elimu ya Kenya, hii ambayo leo tunaiita KICD, ilishirikiana na wataalamu kutoka Marekani kutayarisha vipindi vya redio vya kufundisha Kiingereza katika darasa la kwanza hadi la tatu. Kila siku ya shule, kama nusu saa. Mtindo wenyewe ulianzia Nicaragua katika miaka ya 1970, ambako watoto walifundishwa hesabu kwa redio.

Sasa sikiliza namna vipindi vile vilivyotengenezwa, maana hapo ndipo penye somo. Mtangazaji hakusoma mwanzo hadi mwisho huku watoto wamekunja mikono. Alikuwa anauliza, kisha ananyamaza. Ananyamaza kweli, sekunde kadhaa. Katika kimya kile darasa zima linajibu kwa sauti, ama mtoto mmoja anasimama, ama wote wanaandika, wanagusa pua, wanahesabu vidole. Kisha redio inarudi na jibu, na kila mtoto anajua papo hapo kama amepata ama amekosa. Na urefu wa kile kimya haukubahatishwa. Watayarishaji walikwenda na kanda zao madarasani, wakawatazama watoto wenyewe, wakaona hapa wanahitaji muda zaidi, pale tunawachosha, wakarudi studio kurekebisha.

Ngoja tujaribu. Kama una mtoto karibu, mwite aje. Haya, mwanangu, sikiliza vizuri. Feri imeondoka upande wa kisiwani na magari ishirini. Imefika Likoni, magari manane yameshuka. Ndani yamebaki mangapi?

Nangoja.

Bado nangoja, usimsaidie.

Kumi na mawili. Hongera mwanangu kama umepata, na kama hujapata, hesabu tena kwa vidole.

Umeona, msikilizaji? Mimi simwoni mtoto wako, wala jibu lake sikulisikia. Lakini amefanya kazi. Kwa sekunde chache alikuwa ndani ya somo. Wenzetu wa Zanzibar walifuata njia hiyo hiyo katika miaka ya 2000 kwa vipindi vya redio vilivyoitwa Tucheze Tujifunze, Unguja na Pemba, kwa watoto wadogo ambao wengine hawakuwa hata na jengo la chekechea. Nyimbo, michezo, maswali, na kimya cha kujibu. Jina lenyewe linakwambia kilichokusudiwa.

Nimeanza na redio kwa sababu inatuondolea udhuru. Kama redio, isiyo na picha, isiyosikia, isiyo na kitufe cha mtoto kubonyeza, inaweza kumfanya mtoto ajibu, basi projekta inayomfanya mtoto akae kimya dakika arubaini haijamshirikisha, hata ikiwa na rangi zote za dunia.

Sasa twende Likoni.

Likoni kuna Shule ya Msingi ya Wasioona. Ungeniuliza nikupeleke wapi uone teknolojia ya kumshirikisha mwanafunzi, ningekupeleka pale kwanza. Shirika la inABLE, lililoanzishwa na Bi Irene Mbari-Kirika na ambalo kazi yake ya kompyuta ilianzia katika Shule ya Wasioona ya Thika mwaka 2009, lilifikisha maabara ya kompyuta hadi Likoni. Na kompyuta za mtoto asiyeona zinatumia programu inayosoma kwa sauti kila kilicho kwenye skrini. Moja inaitwa JAWS. Nyingine inaitwa NVDA, nayo ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia, Michael Curran na James Teh, ambao wenyewe hawaoni.

Fikiria inavyokwenda. Mtoto anabonyeza herufi, kompyuta inaitamka. Anamaliza neno, kompyuta inalisoma. Ameandika vibaya, anasikia mwenyewe kwamba neno limetoka kombo, anarudi nyuma, anafuta, anaandika tena, anasikiliza tena. Hakuna aliyemcheka, wala hakungoja daftari lirudi kesho. Kila kidole kinapogusa kitu, kuna jibu.

Zamani, na hata sasa katika masomo mengi, mtoto asiyeona huandika breli kwa mashine nzito ya Perkins, kwenye karatasi ngumu, na kazi yake hukaa mpaka mwalimu anayejua breli apate nafasi ya kuipitishia vidole. Sisemi mashine ile itupwe. Breli ndiyo kusoma kwenyewe kwa mtoto asiyeona, na anayemnyima breli kwa kisingizio cha kompyuta amemfunga. Ndiyo maana ninafurahi kwamba katika shule za wasioona nchini kumeingia pia kifaa kiitwacho Orbit Reader: kidogo, cha kuwekwa juu ya meza, kina mstari wa nafasi 20 za breli ambazo vidoto vyake huinuka na kushuka. Kitabu kizima kinakaa ndani ya kadi ndogo ya kumbukumbu, na mtoto anaweza kuandika humo humo.

Nakaa sana kwa wasioona kwa sababu. Pale hakuna wa kudanganywa na picha. Katuni zinazorukaruka hazina kazi pale. Kinachobaki ni kile tunachokizungumzia tangu mwanzo: mtoto anatenda, chombo kinamjibu, mtoto anatenda tena. Mwalimu wa shule yoyote ya Kisauni ama Changamwe angeazima kipimo hicho. Mtoto akifumba macho, je, somo lako bado linamtaka afanye kitu?

Kifaa kikiwashwa, mtoto anafanya nini?

Haya. Tuje kwenye vishikwambi vyetu vya serikali, maana najua kuna mzazi ananingoja hapo.

Mwaka 2013 tuliahidiwa laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza. Mpango ukakwama kwenye zabuni, ukabadilishwa, na mwaka 2016 vikaanza kuja vishikwambi, kupitia Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta pamoja na makampuni washirika kutoka ng'ambo. Zaidi ya vifaa milioni moja, shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Kila shule ilikusudiwa kupata vishikwambi vya watoto, vifaa viwili vya walimu, projekta, na kisanduku kimoja ambacho watu wengi hawakijui kazi yake. Kisanduku kile ni ghala la masomo. Kinahifadhi vitabu, mazoezi na video, na kinavisambaza kwa vishikwambi vya darasani bila waya. Bila intaneti pia. Sikiliza tena: bila intaneti, bila bando. Kwa hivyo mtu akikwambia shule fulani haikuvitumia kwa kukosa mtandao, muulize habari ya kile kisanduku.

Basi ni nini kilichotokea? Mambo kadhaa, na yote ni ya kawaida ya maisha yetu. Kifaa kikiibiwa, mwalimu mkuu ndiye atakayeulizwa. Kwa hivyo vikafungiwa nyuma ya mlango wa chuma, na kitu kilichofungiwa kwa woga hutolewa siku ya mgeni. Betri isiyochajiwa muda mrefu hufa. Na hewa yetu ya chumvi na unyevu haivihurumii vifaa vya umeme. Vilihesabiwa kwa watoto wa darasa la kwanza wa wakati ule, nao watoto wakapanda madarasa. Na yaliyomo ndani yalitayarishwa kwa mtaala uliokuwapo, ilhali mwaka 2019 nchi ikaingia mtaala wa umilisi. Mtaala huu mpya, kwa heshima yake, unautaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Ujuzi umeandikwa kwenye mtaala na kifaa kimefungiwa stoo. Hili linaniuma, na nadhani linamuuma kila mwalimu anayelijua.

Lakini siamini kwamba kufungua stoo peke yake kungetosha. Kuna utafiti uliofanywa huko Kisumu na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2016. Walichukua mpango mmoja mzuri wa kufundisha watoto kusoma, wakaongeza vifaa kwa njia tatu: penginepo kila mtoto alipewa kifaa cha kusomea, penginepo mwalimu ndiye aliyepewa kishikwambi, penginepo kishikwambi akapewa yule afisa wa elimu anayezunguka kuwasaidia walimu. Watoto walisoma vizuri zaidi kuliko wale wa nje ya mpango. Lakini kumpa kila mtoto kifaa, njia ya gharama kubwa, hakukuleta faida ya kuzidi zile nyingine kwa kiasi cha kueleweka. Aliyeleta mabadiliko ni mwalimu aliyefundishwa vizuri, akapewa vitabu, na akatembelewa darasani na mtu wa kumsaidia. Baadaye mpango wa Tusome ulienea nchi nzima kwa njia hiyo: vitabu kwa watoto, na vishikwambi mikononi mwa maafisa, wakikaa nyuma ya darasa, wakisikiliza watoto wachache wakisoma, kisha wakizungumza na mwalimu juu ya walichokiona.

Mwalimu, najua unanisikiliza. Huenda una watoto sitini ama zaidi darasani, projekta moja ya shule nzima, na simu yako ambayo bando lake unalipa mwenyewe. Naomba tuliwaze somo moja pamoja, somo la sayansi, katika shule yoyote ya Likoni. Somo la vitu vinavyoelea na vinavyozama.

Njia ya kwanza: unawasha projekta, unaonyesha video ya dakika kumi, Mzungu anaweka mpira na jiwe kwenye tangi la maji. Watoto wanatulia. Mwisho unauliza, mmeelewa? Wote: ndiyo, mwalimu! Kengele.

Njia ya pili. Projekta imezimwa. Unauliza: msumari wa chuma nikiutupa baharini? Utazama, mwalimu. Feri ni ya nini? Ya chuma. Ina uzito kuliko msumari ama haina? Inao, na juu yake kuna malori na mamia ya watu. Basi mbona haizami?

Hapo unanyamaza. Kimya kile cha redio, unakikumbuka? Unawapa dakika mbili kila mmoja azungumze na jirani yake. Watoto wa Likoni wamevuka feri tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao, wana mawazo. Mmoja atasema ni injini inayoibeba. Mwingine atasema ni kwa sababu ndani kuna hewa. Mwingine atasema bahari ya pale kivukoni ni ya kina kirefu. Yaandike ubaoni yote, usiseme lipi ni kweli. Wapigie kura. Halafu leta beseni la maji na donge la udongo wa mfinyanzi. Donge linazama. Lifinyange liwe kama bakuli, udongo ule ule, uzito ule ule. Linaelea. Darasa halitakaa kwenye madawati tena.

Sasa ndipo washa skrini. Kuna michezo ya sayansi iitwayo PhET, iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka mmoja kabla. Ni ya bure, mingine imetafsiriwa kwa Kiswahili, na ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti. Humo unaweza kubadilisha uzito wa kitu, kubadilisha ukubwa wake, ukaona maji kiasi gani yamesukumwa kando. Beseni lako haliwezi kukuonyesha hayo. Na usibonyeze wewe. Mwite mtoto mbele, kisha kabla hajabonyeza uliza darasa: akiongeza mzigo, kitashuka kiasi gani? Onyesheni kwa mikono. Haya, bonyeza.

Swali kwanza, skrini baadaye. Nimesema na nitasema tena: swali kwanza, skrini baadaye. Ukianza na skrini umempa mtoto jibu la swali ambalo hajawahi kujiuliza, na jibu la namna hiyo halikai.

Na mambo ya huku kwetu hayatuishii. Muulize mtoto wa Mtongwe kwa nini siku nyingine ngazi ya feri inakuwa mteremko mkali mpaka lori linakwaruza chini, na siku nyingine iko sawa. Atakwambia maji yametoka. Kwa nini leo yametoka sana kuliko wiki iliyopita? Wajukuu wa wavuvi wanajua bamvua na wanajua maji mafu, wamesikia nyumbani. Wachache wameunganisha bamvua na mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Hapo picha inayotembea ya jua, dunia na mwezi ina kazi kubwa, kwa sababu hakuna mtoto anayeweza kusimama mahali akaviona vyote vitatu pamoja. Teknolojia iingie pale macho yasipofika. Bahari wanaiona wenyewe. Wapeleke ufukweni na fimbo ya kupimia, bila projekta.

Na kura zile za darasani, je? Kuna mchezo maarufu wa maswali kutoka Norway, Kahoot, ambao shule nyingi duniani zinautumia. Unafurahisha. Lakini unataka kila mtoto ama kila kikundi kiwe na kifaa na mtandao, na anayeshinda sana ni mwenye kidole chepesi. Mtoto anayefikiri polepole atachoka nao. Kwa madarasa yetu mimi napendelea njia iitwayo Plickers. Kila mtoto anapewa kadi ya karatasi yenye alama. Anaishika upande huu kama jibu lake ni A, anaigeuza kama ni B, na kadhalika. Mwalimu anapitisha kamera ya simu yake mbele ya darasa, simu inasoma kadi zote, inamwambia nani amejibu nini. Simu moja, darasa zima. Na kwa kuwa alama za kadi hazifanani, jirani hawezi kuchungulia jibu kwa urahisi. Yule mtoto wa nyuma kabisa, asiyeinua mkono mwaka mzima, leo amejibu, na mwalimu amejua kwamba amejibu.

Hata simu isipokuwapo, vipande vya karatasi vya rangi vinatosha. Profesa Eric Mazur wa Harvard alianza mwaka 1991 kuwafundisha fizikia wanafunzi wake namna hii: swali, kila mtu apige kura yake, kisha mjadiliane na jirani, kisha mpige kura tena. Vitufe vya kupigia kura vilikuja baadaye, kurahisisha kuhesabu tu. Mjadala ndio uliofundisha.

Mzazi, nawe nisikusahau. Najua wengi mmechoka kutumwa saiba kuchapisha kazi za shule, karatasi moja leo, tatu kesho, na hela ni ile ile ya mboga. Nasema wazi: kazi inayomtaka mama wa mtaa wa Bangladesh pale Mikindani alipe saiba ili achapishe picha ya ng'ombe haimshirikishi mtoto, inamshirikisha mwenye saiba. Nyumbani kuna vilivyo rahisi. Kwenye simu ya mulika mwizi, huduma ya Shupavu 291 ya Eneza imekuwa ikiwatumia watoto masomo na maswali kwa ujumbe mfupi, bila intaneti; mtoto anajibu, simu inamwambia amepata ama amekosa na kwa nini. Kwenye runinga, katuni za Ubongo Kids kutoka Dar es Salaam, zilizoanza mwaka 2014, ziliweka maswali ya hesabu ambayo mtoto angeweza kuyajibu kwa ujumbe wa simu. Na hata asipotuma, wewe mama, wewe baba, zima sauti kidogo umuulize: unadhani nini kitafuata? Hiyo tayari ni teknolojia inayomshirikisha mtoto, kwa sababu wewe umekaa kando yake.

Kuna watakaoniambia, mbona Tanga watoto walijifunza bila mwalimu? Ni kweli, na habari ile ni ya jirani zetu kabisa, ukivuka Lunga Lunga tu. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika shindano la dunia la XPRIZE, karibu watoto 3,000 wa vijiji 170 vya mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, na vituo vya kuchajia kwa nguvu ya jua. Wengi wao hawakuwa wamekanyaga shule. Wengi walitoka wakijua kusoma angalau maneno. Programu mbili, onebillion na Kitkit School, ziligawana ushindi. Mimi nayaheshimu matokeo yale. Lakini yatazame kwa ndani: programu zilizoshinda zilimfanya mtoto aguse, achore herufi, ajibu, kila wakati. Na zilitengenezwa kwa watoto waliokosa shule. Watoto wa Bamburi na Chaani wana mwalimu. Mwalimu anajua kwamba mtoto huyu leo hakunywa chai, na kwamba yule amefiwa. Kishikwambi hakijui.

Tena tunaye mfano wa nyumbani. Mwaka 2019 Mwalimu Peter Tabichi alipata Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani akifundisha shule ya Keriko, huko Njoro, Nakuru, katika kijiji ambacho kwa sadfa kinaitwa Pwani. Shule ile ilikuwa na kompyuta moja tu na mtandao wa kusuasua. Alikuwa akienda saiba, anapakua anachokihitaji, anakileta darasani. Kompyuta moja. Wanafunzi wake wakashindana katika maonyesho ya sayansi na shule zilizowazidi kwa kila kitu.

Hapa sitaki nimtwike mwalimu mzigo wote, maana Mwalimu Tabichi hakupaswa kwenda saiba. Na hapa kwetu jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu intaneti ya nchi hii inaingilia Mombasa. Waya za baharini, SEACOM na TEAMS mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata, LION2 iliyofika Nyali mwaka 2012, zote zimetua katika mwambao huu, na kutoka hapa ndipo mtandao unapokwea hadi Nairobi, Kampala na Kigali. Shule ya Kisauni iliyo umbali mfupi kutoka ufuoni isiwe inangoja mwalimu anunue bando. Viongozi wetu wa kaunti na wabunge wetu, nawaomba mlichukue hili: mtandao wa shule ulipwe kama unavyolipwa umeme wa ofisi zenu.

Muda unaniishia. Mzazi, kikao cha wazazi kikiitishwa muhula huu, nenda. Usiende kulalamika, nenda kuuliza. Vishikwambi vya shule yetu viko wapi? Vingapi vinawaka? Mara ya mwisho vilichajiwa lini? Kile kisanduku cha masomo kipo? Tokeni za umeme zinatosha, ama tuchange? Nani atalinda usiku, ili mwalimu mkuu asiogope kufungua mlango? Nawe mwalimu, chagua somo moja tu wiki hii, jambo moja ambalo watoto wako wanaliona kila siku na hawajawahi kuulizwa, uanze nalo.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, wakati kama huu, tutazungumzia chakula cha mchana shuleni, na nani anayekilipia. Watoto, nendeni mkalale. Alamsiki.